Mto Ule Una Jina Lake

Leo nataka kugombana kidogo, na ugomvi wenyewe ni juu ya mto. Siuzungumzii Nile wala Kongo. Hiyo tumeigombania tangu zamani na tutaendelea kuigombania. Nazungumzia mto wa huku kwenye baridi, kaskazini mwa Kanada, ambao ramani zinauita Mackenzie. Kila ninapoligusa jambo hili barazani hupewa jibu lile lile: "Jina ni jina tu, bwana. Sisi tumekuja huku kutafuta maisha, mambo ya mito yao tuwaachie wenyewe." Nasema jibu hilo ni la uvivu. Na likitoka kinywani mwa mtu anayesema Kiswahili, ni baya kuliko uvivu, kwa sababu linaonyesha kwamba tumesahau tulikotoka na nani aliyetuandikia ramani zetu.

Kwanza tuujue mto wenyewe, maana wengi wanaobisha hawajui hata uko wapi. Unatoka katika ziwa ambalo jina lake nitalirudia hapo chini, kisha unaelekea kaskazini-magharibi kwa kilomita 1,738 hadi Bahari ya Aktiki. Ukihesabu pamoja na mito inayouletea maji kuanzia juu kabisa, yaani Finlay na Peace katika milima ya British Columbia, urefu wote unafika kilomita 4,241. Nchi inayomwaga maji yake humo ina eneo la kilomita za mraba karibu milioni 1.8; weka Tanzania mbili ubavu kwa ubavu, utakuwa umekaribia. Katika Amerika ya Kaskazini nzima ni Mississippi peke yake wenye bonde kubwa zaidi. Wakati wa baridi mto huganda, na ziko sehemu ambako malori huvuka juu ya barafu yake.

Wadene wanaoishi pande zake za juu wanauita Dehcho. Deh ni mto, cho ni kubwa. Wagwich'in, walio chini zaidi, wanauita Nagwichoonjik, mto unaopita katika nchi kubwa. Wainuvialuit walioko kwenye delta, mahali unapokutana na bahari, wanauita Kuukpak, nao maana yao ni hiyo hiyo, Mto Mkubwa. Watu hawa wameishi kando yake tangu enzi ambazo Stornoway haijasikika popote.

Naitaja Stornoway kwa sababu ndiko alikozaliwa Alexander Mackenzie, katika kisiwa cha Lewis, Uskoti. Alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za manyoya katika kampuni iliyoitwa North West Company. Tarehe 3 Juni 1789 aliondoka Fort Chipewyan, kwenye Ziwa Athabasca, akiwa na mitumbwi na watu wake, na tarehe 12 Septemba alikuwa amekwisha rudi. Hesabu ni siku 102, kwenda na kurudi, na si zote alizokuwa juu ya mto huo, maana kwanza ilimbidi ateremke mto mwingine, tena ahangaike na barafu ya ziwani. Alikuwa akitafuta njia ya kufika Bahari ya Pasifiki. Mto ulimpeleka Aktiki. Hadithi maarufu inasema kwamba kwa uchungu aliuita Mto wa Masikitiko, ingawa wako wataalamu wanaoitilia shaka. Iwe kweli isiwe kweli, haulaumiwi mto kwa kwenda unakokwenda.

Na hakwenda peke yake. Mbele yake alikuwapo Mdene mmoja wa kabila la Chipewyan, jina lake Nestabeck, ambaye Waingereza walimwita "English Chief", pamoja na wake zake wawili na vijana wawili. Huyu ndiye aliyekuwa mkalimani, msimamizi wa uwindaji na mjuzi wa safari. Mbali naye walikuwapo watu wa mtoni wenyewe walioshikwa njiani ili waonyeshe njia. Kitabu cha Mackenzie, kilichotoka mwaka 1801, kinaeleza bila aibu jinsi watu hao walivyojaribu kujitoa na kutoroka, na jinsi mmoja alivyolazimishwa kupanda mtumbwini. Mwaka 1802 Mackenzie akapewa cheo cha "Sir". Nestabeck hakupewa hata kijito.

Je, hadithi hii si tunaijua? Badilisha baridi iwe jua, badilisha ngozi ziwe pembe za ndovu, nawe uko Tabora. Mwaka 1857 Burton na Speke walifika Kaze, na huko mfanyabiashara Snay bin Amir aliwaeleza juu ya ziwa kubwa la kaskazini. Watu wa misafara walikuwa wakiliita Bahari ya Ukerewe. Wasukuma walisema Nyanza, Waganda Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe. Speke akapanda kwenda kulitazama, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, yule aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaishi India, akarudi. Agosti 1858 Speke akasimama Mwanza, akaona maji, akampa malkia wake. Miaka 30 baadaye Teleki, bwana mkubwa kutoka Hungaria, akaongozwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pwani aliyezijua njia za bara, hadi ziwa la kaskazini mwa Kenya, akaliita Rudolf kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria. Jina hilo lilikaa mpaka mwaka 1975, Kenya ilipolirudisha kwa Waturkana. Tulifurahi. Wazee wangu waliizungumza habari hiyo kama mtu aliyerudishiwa shamba. Sasa iweje furaha ile iwe halali Turkana, halafu ikifika Kanada tuambiwe jina ni jina tu?

Nakuja kwenye ziwa. Mto huu unatoka katika ziwa ambalo kwa Kiingereza linaitwa Great Slave Lake. Mtu akilitafsiri kwa Kiswahili, bila kukusudia ubaya wowote, atapata Ziwa Kuu la Watumwa. Mto unaoingia humo kutoka kusini ni Slave River, Mto wa Watumwa. Watu wenyewe na lugha yao wakaitwa "Slavey". Msomaji wa Zanzibar, wa Bagamoyo, wa Ujiji, akiliona jina hilo atadhani hapo palikuwa na soko, palikuwa na minyororo na misafara. Hapakuwa na soko la namna hiyo. Kilichokuwapo ni jirani. Wacree wa upande wa kusini walizipata bunduki mapema kutoka kwa wafanyabiashara wa Kizungu, wakawavamia Wadene, nao wakawaita kwa neno la Kicree lenye maana ya mateka, mtumwa. Wafanyabiashara walilisikia neno hilo kwa Wacree, wakalitafsiri kwa Kifaransa na Kiingereza, wakaliandika kwenye ramani. Wadene hawakuulizwa. Wao ziwa lao wanaliita Tucho, na wale wa mashariki yake wanasema Tu Nedhé. Tu ni maji. Yaani ni maji makubwa tu, jambo ambalo Msukuma wa Mwanza angelielewa mara moja.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hapa sisi hatusimami upande wa walioonewa tu. Nani aliyewaita watu wa Kaya "Wanyika", watu wa porini? Ni watu wa mijini, wa Mombasa na Malindi, yaani sisi. Wamisionari na maofisa walilikuta jina hilo midomoni mwa Waswahili, wakaliandika vitabuni, likawa jina la kabila. Wenyewe walikuja kulitupa katika miaka ya 1940 na kujiita Mijikenda, na leo hakuna mtu mwenye adabu anayewaita vingine. Na neno "washenzi" je? Lilisafiri na misafara yetu mpaka Maziwa Makuu, likawekwa juu ya kila mtu aliyekuwa hajavaa kanzu. Kwa hiyo tukisoma habari za Wacree, Wadene na Mwingereza mwenye kalamu, tunajiona mara mbili: tunamwona Bombay aliyeongoza njia akasahauliwa, na tunamwona jirani wa pwani aliyempa mgeni jina baya la jirani yake wa bara. Watu wenye historia ya namna hii hawawezi kusema hawajui jinsi jina baya linavyoandikwa ramanini. Tunajua sana. Tulikuwapo.

Sasa niwajibu wale wenye hoja, maana wapo, na si wote wavivu. Hoja ya kwanza husema hivi: mto una majina matatu au zaidi, ukichagua Dehcho utakuwa umewaonea Wagwich'in na Wainuvialuit, basi afadhali Mackenzie ambaye hana upande. Eti hana upande! Mtu wa kampuni ya biashara, aliyepita msimu mmoja, ndiye aliyekuwa hana upande? Halafu ni nani aliyesema kwamba mto ni lazima uwe na jina moja kutoka juu mpaka chini? Waulizeni watu wa Malindi. Mto unaoingia bahari yao ni Sabaki. Ukiufuata kwenda bara, ndani ya Tsavo ni Galana. Ukiendelea kupanda mpaka pande za Nairobi ni Athi. Maji ni hayo hayo. Sijapata kusikia mtu aliyepotea kwa sababu hiyo, wala serikali iliyoshindwa kujenga daraja. Rufiji nayo haiitwi Rufiji mpaka Kilombero na Luwegu zimekutana. Kila jina linakwambia uko wapi na uko kwa nani.

Wala wachora ramani hawana haki ya kutuhubiria habari za umoja wa mto, kwani wao ndio walioukata vipande. Anza juu: Finlay, jina la mfanyabiashara mwingine wa ngozi, John Finlay. Kisha Peace. Kisha Slave. Kisha Mackenzie. Maji yale yale, majina manne, na vipande hivi havikukatwa kwa kufuata watu wanaoishi kandoni. Matokeo yake si ya maneno matupu. Mwaka 1968 lilikamilika bwawa la W.A.C. Bennett katika British Columbia, kwenye mto unaoitwa Peace. Nyuma yake kukatokea ziwa la kutengenezwa, nalo likapewa jina la waziri wa jimbo hilo, Williston. Lilizamisha bonde la Finlay na kuwahamisha Wadene wa Tsay Keh kutoka makwao. Wakati linajazwa, maji yalipungua chini ya bwawa, na delta iliyoko Ziwa Athabasca, penye samaki, ndege na wanyama wa manyoya, ikakauka sehemu kubwa. Aliyeko ofisini Victoria, makao makuu ya jimbo (naam, Victoria tena), alikuwa anajenga bwawa kwenye Mto Peace. Aliyeko chini alikuwa anapungukiwa maji kwenye mto mwingine, katika jimbo jingine, wenye jina jingine. Jina tofauti lilirahisisha kusema: hayo hayatuhusu.

Na sisi yanatuhusu? Wenzetu wangapi wamefanya kazi Fort McMurray katika mchanga wa mafuta? Mto unaopita pale ni Athabasca, na maji yake huingia Ziwa Athabasca, hutoka kwa Slave, huingia Tucho, hushuka Dehcho. Anayeoga Fort McMurray anaoga katika maji ambayo mtoto wa Inuvik atayakuta. Na Waislamu miongoni mwetu wanaikumbuka Septemba 2010, pale msikiti mzima, uliojengwa Winnipeg, ulipobebwa kwa lori mpaka Hay River kando ya ziwa, ukapakiwa kwenye tishari, ukateremshwa mto huu hadi Inuvik, juu ya Duara ya Aktiki. Safari ya zaidi ya kilomita 4,000. Picha zake zilizunguka dunia nzima, nasi tulizitumiana kwa fahari. Mto ulioubeba msikiti ule ndio huu ninaouzungumza, na waliokuwa wakiishi kando ya njia yake yote ni watu ambao majina yao hatujui kuyataja.

Nitoe mfano mmoja wa kuonyesha kwamba majina ya wenyeji si mapambo. Kuna mji kandoni mwa mto unaoitwa Norman Wells. Mwaka 1920 kampuni ilichimba hapo ikapata mafuta, na mwaka uliofuata, 1921, serikali ya Kanada ikafanya haraka kutiliana na Wadene mkataba unaoitwa Treaty 11. Miaka mingi kabla ya hapo ilikuwa imeona kwamba nchi ile haina haja ya mkataba. Mafuta yalipotoka, haja ikaonekana. Sasa Wadene wanapaitaje mahali hapo? Tłegǫ́hłı̨. Maana yake ni mahali penye mafuta. Ndugu zangu, habari yote ilikuwa ndani ya jina! Fort Simpson, uliopewa jina la mkubwa wa kampuni ya ngozi, kwa Kidene ni Łı́ı́dlı̨ı̨ Kų́ę́, mahali mito inapokutana, na kweli hapo ndipo Liard inapoingia Dehcho. Tulita ni mahali maji yanapokutana, na hapo ndipo mto kutoka Ziwa la Dubu Mkubwa unapoingia. Ukiyajua majina haya matatu, unao mchoro wa mto kichwani kabla hujafungua ramani. Ukijua Simpson na Norman, unajua kulikuwa na akina Simpson na Norman.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na naiheshimu. Inasema kwamba kubadilisha majina ni mchezo wa watawala. Mobutu aliuita Kongo Zaire mwaka 1971, nchi na mto na fedha vyote jina moja, na jina lenyewe lilikuwa ni neno la Kikongo, nzadi, lililoharibika midomoni mwa Wareno. Alipoondoka mwaka 1997 likaondoka naye. Amin aliyapa maporomoko ya Murchison jina la Kabalega, nalo halikudumu. Marekani, mlima wa Alaska ulirudishiwa jina la Denali mwaka 2015 na rais mmoja, na mwaka 2025 rais mwingine akarudisha McKinley. Yote kweli. Lakini tazameni hayo yote: ni amri ya mtu mmoja kutoka juu. Kaskazini mwa Kanada mambo yalikwenda vingine. Frobisher Bay ikawa Iqaluit mwaka 1987. Fort Franklin ikawa Délı̨nę mwaka 1993. Mwaka 1996 Fort Norman ikawa Tulita na Coppermine ikawa Kugluktuk. Watu wa miji hiyo ndio waliotaka, na majina yalikuwa yakitumika majumbani mwao siku zote. Hakuna rais aliyeyarudisha nyuma, wala hakuna aliyejaribu. Na huyo rais anayehangaika na jina la mlima anatusaidia jambo moja: hafanyi hivyo kwa sababu jina ni jina tu.

Kwa mto wenyewe, serikali ya Northwest Territories ilipiga hatua mwaka 2015. Iliyatambua rasmi majina ya wenyeji, Dehcho, Nagwichoonjik, Kuukpak na mengine, kama majina mbadala. Nawapongeza, lakini neno "mbadala" linanikaba. Jina la mwenye nyumba limekuwa mbadala wa jina la mgeni aliyepita. Na kabla ya hapo, Novemba 2012, lilifunguliwa daraja karibu na Fort Providence, lenye urefu wa kilomita moja na kidogo, la kwanza kuuvuka mto huo. Linaitwa Deh Cho Bridge. Basi siku hizi dereva anapita juu ya Dehcho, akitazama chini anaona Mackenzie. Chuma na saruji vimepewa jina la Wadene, na maji yamebaki na jina la mfanyabiashara. Jimbo hilo lina lugha rasmi 11, tisa kati yake za wenyeji. Siamini kwamba wamekosa namna ya kuyapanga upya majina kwenye ramani.

Hilo la ramani ya serikali tutawaachia Wadene na majirani zao, wanalipigania vizuri kuliko sisi. Lililo mikononi mwetu ni Kiswahili chetu. Lugha hii haijauandika sana mto huu bado. Vitabu vyake vya Kanada ni vichache, na masomo ya watoto ya Jumamosi tunayaandaa wenyewe mezani jikoni. Hatujafungwa na mazoea ya mtu. Basi nawaomba walimu wetu wa Jumamosi na wahariri wa kurasa hizi: mkiuandika, andikeni Mto Dehcho, na kwenye mabano, kwa ajili ya anayetafuta katika ramani ya Kiingereza, Mackenzie. Kwenye delta andikeni Kuukpak. Ziwa liwe Tucho. Na lile jina la Watumwa lisitafsiriwe kabisa kwa Kiswahili, hata mara moja, hata na mwanafunzi anayejaribu kamusi yake mpya.